Barafu ya Bibi: Mtindi, Tende na Njugu Katika Futari Zetu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi katika kikao cha baada ya Alasiri, wiki ya mwisho ya Shaaban)



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Baba zangu, mama zangu na ndugu zangu vijana, nilipotangazwa kuwa nitazungumza leo, najua wengine mlidhani nitataja fadhila za kumi la mwanzo. Hayo wako masheikh zetu wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya barafu. Msicheke kwanza, nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mkitaka kucheka tutacheka pamoja.

Bibi yangu aliuza barafu barazani kwake kwa zaidi ya miaka ishirini. Za ukwaju, za mabuyu, na zile nyekundu za rangi ambazo watoto walizipenda kwa sababu ulimi wote ulikuwa mwekundu. Karo yangu ya shule ya msingi ilitoka kwenye friza ile. Mifuko ya nailoni ilipopigwa marufuku nchini, tarehe 28 Agosti 2017, Bibi alihamia vikombe. Faida ikapungua, na magoti nayo yakaanza kulalamika, basi akaacha. Friza ikabaki pale pale, ikawa ya kuwekea samaki na maji.

Ramadhani ya mwaka juzi Bibi alikonda. Sisi tukasema ni saumu, na nani asiyekonda Ramadhani? Usiku mmoja, tukiwa tumebakisha siku chache kufika Idi, alianguka akienda kutia udhu. Alhamdulillah hakuvunjika, lakini hakuweza kuinuka mwenyewe. Tukampeleka hospitali. Vipimo vikafanywa, sukari ikapimwa, damu ikapimwa. Mwisho daktari akatuuliza swali moja tu: "Huyu mama hula nini kwa siku?"

Ndugu zangu, tulikuwa watu wanne chumbani mle na hakuna aliyeweza kujibu. Mimi niliyeketi naye mkeka mmoja kila Magharibi, nikimpitishia sahani, sikujua. Tukaanza kuhesabu kwa vidole. Futari: tende mbili, uji, kaimati tatu, gilasi ya shurbati. Daku: chai na kipande cha mkate. Nyama hali, meno yamekwisha na haoni haya kusema, ila hakuna aliyemuuliza. Maharagwe humjaza tumbo gesi. Samaki anaogopa miba, macho hayaoni vizuri. Yaani mezani palikuwa na kila kitu, na yeye alikuwa anakula unga na sukari peke yake.

Daktari alituambia kuwa misuli ya miguu imepungua kwa sababu mwili haupati protini ya kutosha. Ndiyo maana nimesema mada yangu ni barafu.

PROTINI NI NINI, NA TUNAHITAJI KIASI GANI?

Tulipokuwa shule tuliambiwa kuna vyakula vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili. Protini ndiyo ile ya kujenga. Misuli, ngozi, damu, vyote vinatumia protini. Mtu mzima mwenye afya anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa hiyo kijana wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48. Kwa wazee wataalamu wengi wanapendekeza zaidi kidogo, gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo, kwa sababu mwili wa mzee hautumii protini vizuri kama wa kijana, na misuli hupungua kila mwaka.

Sasa tazameni futari zetu. Viazi vya karai, kaimati, mahamri, tambi za sukari, shurbati. Ni vitamu, Allah awalipe mama zetu wanaosimama jikoni na huku wamefunga. Lakini nyingi ni wanga, mafuta na sukari. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwenye chakula, na ikiwezekana ishuke mpaka nusu ya hapo, ambayo ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku. Vijiko 6! Kuna majagi ya shurbati ambayo mtu anamaliza hivyo kabla hajasimama kuswali Magharibi.

KWA NINI MTINDI?

Mtindi si kitu kigeni kwetu. Wamasai wana kule naoto yao, Wakalenjin wana mursik, na sisi wa Pwani tumekula maziwa lala na wali tangu utotoni. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini kama gramu 32. Maziwa yanapoganda, bakteria wazuri hula sehemu ya ile sukari ya maziwa iitwayo laktosi na kutoa asidi. Asidi ndiyo inayogandisha, na ndiyo inayoleta ule ukali. Kwa hiyo watu wengi ambao maziwa mabichi huwasumbua tumbo huweza kula mtindi bila taabu.

Tena mtindi ukichujwa maji yake, unakuwa mzito kama jibini laini, na protini inajikusanya. Watu wa Sham huuita labna. Ndugu zetu wa Kihindi wenye asili ya Gujarat na Maharashtra huuchuja hivyo hivyo, wakatia sukari, zafarani na iliki, wakauita shrikhand. Kwa hiyo ninalowafundisha leo halikuanzia kwenye maduka ya mtindi baridi ya Marekani ya miaka ya 1970. Hao waligandisha tu kitu ambacho bibi za watu walikuwa nacho zamani.

Na kwa nini kuugandisha? Kwa sababu Bibi alikataa. Nilimpelekea mtindi mzito kwenye bakuli, na kijiko, na kitambaa cha kumfungia kifuani. Akanitazama, akasema, "Mimi si mgonjwa wa wodini, mjukuu wangu. Ondoa hicho." Nikaondoa. Nikaenda nikaketi jikoni, nikaitazama ile friza. Nikajiambia, huyu mama hatakubali kulishwa, lakini barafu hawezi kuikataa, manake barafu ndiyo kazi yake.

KOSA LANGU LA KWANZA

Nilinunua mtindi wa dukani wa rangi ya waridi, nikaumimina kwenye vikombe, nikatia kwenye friza. Kesho yake baada ya Taraweh nikampelekea Bibi kwa furaha. Aligonga kikombe kwa kijiko, ko ko ko. Akasema, "Hiyi si barafu. Hili ni jiwe la kusugulia miguu."

Hapo nilikuwa nimekosea mara mbili. Kwanza, mtindi mwepesi una maji mengi, na maji yakiganda yenyewe hufanya chembe kubwa za barafu, ngumu. Bibi aliniambia siri yake ya miaka yote: ukitaka barafu laini, ama upunguze maji, ama utie kitu kizito ndani, ama uikoroge inapoanza kuganda. Mimi niko chuo kikuu na nilikuwa sijui. Pili, nilipokuja kusoma nyuma ya kile kikopo nikakuta sukari imeandikwa ya pili baada ya maziwa. Nilitaka kumtoa Bibi kwenye sukari, nikamrudishia sukari kwa mlango mwingine.

Basi someni nyuma ya vikopo, ndugu zangu. Tafuteni mtindi mtupu, usiotiwa sukari wala ladha. Na jambo jingine la kuangalia ni jelatini. Baadhi ya mitindi ya dukani hutiwa jelatini ili iwe mizito, na jelatini hutoka kwa wanyama. Kama hakuna alama ya halali na hujui imetoka kwa mnyama gani, iache.

KUTENGENEZA MTINDI NYUMBANI

Chukua lita 1 ya maziwa. Yachemshe mpaka yafure, hata kama uliambiwa ni safi, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta maradhi kama brusela. Kuchemsha huko pia husaidia mtindi kuwa mzito. Yaache yapoe mpaka uweze kutia kidole safi na kuhesabu hadi kumi bila kuungua. Yakiwa moto zaidi ya hapo utaua bakteria wa mtindi, na yakiwa baridi hawatafanya kazi.

Tia vijiko 2 vya mezani vya mtindi mtupu ulio hai, koroga taratibu, funika, zungushia sufuria blanketi au leso nzito, uiache mahali penye joto saa 6 hadi 8. Usiitikisetikise. Ukiamka utakuta imeganda. Weka kwenye friji.

Kisha tandaza kitambaa chepesi cha pamba, safi, kilichochemshwa, juu ya chujio, chini weka bakuli. Mimina mtindi, funga, acha kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utapata kama nusu kilo ya mtindi mzito, na bakulini maji ya rangi ya manjano hafifu. Maji hayo usiyamwage, yana madini ya chokaa. Kandia chapati au mahamri, au tia kwenye uji.

BARAFU YENYEWE

Mahitaji ya vikombe 8 vidogo:

Mtindi mzito nusu kilo (uliotoka kwenye lita 1).
Maziwa ya unga vijiko 4 vya mezani.
Njugu zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikawa laini kama siagi, vijiko 3 vya mezani, bila sukari.
Ndizi mbivu 2.
Tende 8, zitolewe kokwa na kurowekwa kwenye maji moto kidogo.
Iliki ya unga nusu kijiko cha chai, na chumvi chembe tu.

Namna ya kutengeneza: Saga tende, ndizi na njugu kwenye blenda mpaka zilainike. Kama huna blenda, ponda kwa mchi au uma, hakuna neno. Tia maziwa ya unga, iliki na chumvi. Mwisho tia mtindi na ukoroge kwa mwiko, usiusage sana usije ukalegea. Mimina kwenye bakuli pana, weka kwenye friza. Baada ya dakika 45 itoe, kwaruza pembeni palipoanza kuganda, koroga vizuri, rudisha. Fanya hivyo mara tatu. Kisha gawa kwenye vikombe, tia vijiti ukitaka, funika, uache mpaka igande kabisa. Kabla ya kula itoe nje dakika 10.

Tufanye hesabu kidogo. Mtindi una kama gramu 28 za protini baada ya zile chache zilizoondoka na maji. Maziwa ya unga yanaongeza kama gramu 7, njugu kama gramu 12. Jumla 47. Ukigawa kwa vikombe 8, kila kikombe kina karibu gramu 6, sawa na yai moja. Utamu wote ni tende moja na robo ya ndizi kwa kila mtu. Barafu nyekundu ya zamani, Bibi mwenyewe anakiri, ilikuwa maji, rangi na sukari.

Kwa wasiotaka kikombe, kuna njia nyepesi. Tandaza mtindi mzito kwenye sinia lililowekewa karatasi ya kuokea, unene wa kidole kidogo. Nyunyiza vipande vya embe, korosho au lozi zilizopondwa, na zafarani ukiwa nayo. Gandisha saa 3 au 4, kisha vunjavunja kama kashata. Watoto wanapenda sana. Na ukitaka ladha ya nyumbani, zungushia rojo la ukwaju juu yake.

WAKATI WA KUITENGENEZA

Katika mfungo mimi hufanya hivi. Mtindi nauchuja usiku baada ya Taraweh. Ule wa jana uliokwisha chujika nausaga kabla ya daku, manake hapo naweza kuonja. Ukisaga mchana utajikuta umelamba kijiko kwa kusahau, na mdogo wangu wa kiume ana tabia ya "kusahau" kila siku. Kwetu tunafungua kwa tende na maji, tunaswali, tunakula, na barafu inatoka baada ya Taraweh. Siku nyingine Bibi huila wakati wa daku, na hapo ni pazuri vilevile, kwa sababu chakula chenye protini hushiba muda mrefu kuliko chai na mkate.

Kama nyumbani hakuna friza, usivunjike moyo. Baridi haiongezi protini hata chembe. Mchanganyiko ule ule ukiwa kwenye bakuli ni chakula kile kile.

TAHADHARI

Friza haiui vijidudu vyote, huwalaza tu. Nawa mikono, chemsha kitambaa, osha vikombe. Stima ikipotea, usifungue mlango wa friza ovyo, na barafu iliyokwisha yeyuka na kukaa kwenye joto usiigandishe tena.

Njugu nzima usimpe mtoto mdogo, zinaweza kumkaba. Na uliza kwanza kama kuna anayedhurika na njugu. Ukitumia asali badala ya tende, mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa.

Mwenye sukari ajue kuwa tende na ndizi nazo ni sukari. Apunguze, na azungumze na daktari wake. Mwenye maradhi ya figo asiongeze protini bila kuuliza. Na mzee aliye dhaifu, kabla ya mfungo apelekwe hospitali akapimwe. Bibi alipoambiwa asifunge siku zile zilizobaki alilia. Imamu wa msikiti wetu alikuja nyumbani, akaketi naye kitambo, akamweleza kuwa ruhusa hiyo imetoka kwa Mola yule yule aliyeamrisha saumu, na kwamba fidia ipo. Hapo ndipo alipotulia.

KWA VIJANA WANAOTAKA KUUZA

Najua hapa wapo wanaopiga hesabu tayari. Ni biashara nzuri na Bibi yangu ni shahidi. Lakini nawausia amana. Usiandike "haina sukari" na ndani kuna tende. Sema "haikuongezwa sukari, utamu wake ni tende na ndizi." Usiandike "dawa ya wazee". Ni chakula, si dawa. Na andika wazi kuwa ina njugu. Anayenunua kwako anaweza kuwa mama wa mtoto ambaye njugu moja inamfikisha hospitali.

KUMALIZIA

Ndugu zangu, sidai kuwa barafu ilimponya Bibi. Daktari alimpa mazoezi ya kusimama na kuketi kitini, mama akaanza kumpondea samaki na kumtolea miba, mayai yakapikwa laini, na barafu ikawa moja katika hayo. Ilichofanya barafu ni kwamba Bibi alianza kuiagiza mwenyewe. Siku moja anasema iliki imezidi, siku nyingine anasema ndizi hazikuiva. Kisha akahamisha kiti chake, akaketi karibu na friza kunisimamia. Mtu anayegombana na wewe kuhusu iliki, huyo ana hamu ya kuishi.

Mwaka jana, kwa ruhusa ya daktari, alifunga baadhi ya siku. Usiku mmoja nilimsikia akiamka, nikakimbia kumshika. Akaniambia, "Niache, nitafika." Nikasimama mlangoni namtazama akienda kutia udhu, mkono mmoja ukutani. Alifika.

Ninachowaomba si kwamba nyote mkatengeneze barafu. Ninawaomba Ramadhani hii, mkiketi kwenye mkeka, mtazame sahani ya aliye karibu nanyi. Mzee anakula nini? Mtoto aliyefunga mara ya kwanza anakula nini? Mama aliyepika vyote hivi, yeye amekula? Mkiulizwa na daktari, mjue la kujibu.

Allah atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, azikubali saumu zetu, na awape nguvu wazee wetu waliotulea kwa jasho la mikono yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.